Maumivu ya Goti: Yatokanavyo, Yajulikanavyo na Yatibiwavyo



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja wa upande wa kaskazini alisimama akasema kuwa msimu ujao hatachuma karafuu zake mwenyewe. Atazikodisha zingali juu ya miti, kwa sababu magoti yake yamekwisha. Alipoulizwa ni nani aliyemwambia kuwa yamekwisha, alijibu kuwa hakuna. Kila mtu ajua kwamba goti likianza kulia na kuuma kwa mtu wa umri wake, basi kazi imemwisha. Bei aliyokuwa tayari kuipokea ilitusikitisha sote. Bwana Katibu akaniomba, kwa kuwa nilifanya kazi ya utabibu miaka mingi kabla ya kurudi shambani, niandike maneno machache juu ya maradhi haya, ili mtu asije akaliachia shamba lake kwa khofu ya jambo asilolijua.

Maradhi ninayoyasema madaktari huyaita osteoathritisi. Sisi huku husema magoti yamesagika, au huyatia pamoja na maradhi mengine ya viungo katika jina la baridi yabisi. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, yaani baridi na ukavu, nalo limetoka katika utabibu wa kale uliohesabu maradhi kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Ndiyo sababu hata leo mtu akiumwa na goti ataambiwa asioge maji ya baridi, asikanyage sakafu, asitoke alfajiri na umande. Si kosa kujitia joto, kwani joto hutuliza maumivu, na watu wengi wasema kuwa maumivu huwazidi siku za mvua. Lakini baridi haimli mtu goti. Kuna watu wa nchi za joto kali wenye maradhi haya, na wa nchi za barafu wenye magoti mazima.

GOTI LILIVYOUMBWA

Goti ni mahali ikutanapo mifupa mitatu: mfupa wa paja juu, mfupa wa muundi chini, na pia ya goti mbele. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile mkionacho mwisho wa mfupa wa kuku au wa ng'ombe mnapokuwa jikoni. Baina ya paja na muundi mna vipande viwili vya gegedu jingine vyenye umbo la mwezi mchanga, kazi yao ni kupokea mshindo wa kila hatua. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko mna ute mzito kama ute wa yai, nao ndio mafuta ya kiungo.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana nitalirudia huko mbele. Gegedu hilo halina mshipa wa damu wala mshipa wa fahamu. Halipati chakula kwa damu kama nyama ipatavyo, bali hulishwa na ule ute. Mtu anapotembea gegedu hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya maji, na hivyo ndivyo chakula kiingiavyo na taka zitokavyo. Kiungo kisichokwenda ni kiungo chenye njaa.

Zamani sisi watu wa utabibu tulifundishwa kuwa goti ni kama raba ya breki ya baiskeli: kadiri itumikavyo ndivyo iishavyo, na ikiisha imeisha. Elimu ya sasa haikubali hivyo. Kiungo kizima ndicho kiumwacho. Gegedu hupungua na kuchakaa, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vinundu pembeni, mfuko huvimba na kujaa maji, na misuli ya paja hulegea. Mwili nao haukai bure. Hujaribu kujitengeneza, ila uharibifu huutangulia. Na kwa kuwa gegedu halina fahamu, maumivu yale hayatoki kwenye gegedu lenyewe, bali kwenye mfupa, kwenye mfuko na katika nyama za pembeni. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na gegedu lililochakaa sana na maumivu kidogo, na mwingine kinyume chake.

Maradhi haya ni mengi mno ulimwenguni. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu kiasi cha milioni 528 walikuwa nayo, na goti ndilo kiungo kishikwacho zaidi, kisha nyonga na vidole vya mikono. Katika kila wagonjwa 100, kiasi cha 73 wana umri wa zaidi ya miaka 55, na 60 ni wanawake. Umri basi una sehemu yake, na uke una sehemu yake, na wengine hurithi kwa wazee wao. Hayo hatuna uwezo nayo. Lakini yako mambo mengine matatu: uzito wa mwili, majeraha ya zamani, na namna ya kazi.

Juu ya kazi, mwaka 1952 madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walitoa khabari za wachimba makaa ya mawe, ambao hufanya kazi wamepiga magoti na kuinama katika mashimo, wakaonyesha kuwa magoti yao yalikuwa na kasoro hizi kuliko ya watu wa kazi nyingine. Na mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wazee wa mji wa Beijing, Uchina. Wale ambao katika ujana wao walizoea kuchutama saa nyingi kwa siku walikutwa na maradhi ya goti zaidi kuliko wale waliochutama kidogo.

Niliposoma khabari hiyo ya Beijing nilimfikiria mama wa watoto wangu. Msimu wa karafuu sisi wanaume hujisifu kwa kupanda, na kweli kupanda ni kazi ya khatari. Wangapi miongoni mwetu wamewahi kuanguka na kuumia goti, wakafungwa kitambaa wiki mbili, na baada ya miaka ishirini goti lile lile likaanza kuuma? Lakini karafuu zikishafika nyumbani, nani akaaye juu ya jamvi mpaka usiku wa manane kuchambua makonyo? Ni wanawake, wamekunja magoti saa nne, saa tano, usiku baada ya usiku. Mtu wangu wa nyumbani amechambua misimu arubaini na zaidi. Magoti yake yalipoanza kuuma, mimi niliyekuwa nikijiita mtabibu nilimwambia apumzike. Nikamletea maji, nikamkataza kwenda kisimani, nikamkataza hata kufagia uwanja, nami nikijiona namfanyia hisani. Mwaka mmoja ukapita. Mapaja yake yakawa membamba, akinyanyuka ni kwa kushikwa mkono, na maumivu yakawa makubwa kuliko siku ya kwanza.

Nilipompeleka hospitali tulipokewa na binti mmoja wa chumba cha mazoezi, mdogo kwa umri kuliko kitinda mimba wetu. Akamtazama, akamshika mapaja, akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Samahani, lakini bibi amekaa mno."

Niliona haya, lakini alisema kweli. Khabari zilizobaki za bibi huyu nitazieleza tutakapofika kwenye matibabu.

DAKTARI AJUAJE?

Watu wengi hufikiri kwamba ugonjwa huu haujulikani ila kwa picha ya eksirei, na asiye na nauli ya kwenda kupigwa picha hukaa nyumbani akisubiri. Si hivyo. Sehemu kubwa ya kuujua ugonjwa huu ni kusikiliza na kushika. Muongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 wasema kuwa mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, ambaye kiungo chake huuma anapokitumia, na asubuhi hakikakamai au hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa, huyo aweza kuambiwa kuwa ana osteoathritisi bila ya picha yoyote, maadam hapana dalili nyingine ya kutia shaka.

Kwa hivyo mwendapo kwa daktari jiandaeni kwa maswali. Goti lilianza kuuma lini? Linauma zaidi unapopanda ngazi au unaposhuka? Asubuhi huchukua muda gani kulegea? Umewahi kuanguka? Linakwama, au hulegea ghafla ukataka kuanguka? Jibuni kwa ukweli, wala msimwambie daktari "mwili wote" wakati kinachouma ni goti moja. Baada ya maswali atalikunja na kulikunjua goti, atasikia kama linakwaruza, atapapasa kama lina maji au joto, na atalilinganisha na la pili. Daktari mwangalifu huzungusha na nyonga pia, maana nyonga mbovu aghalabu humuuma mtu gotini, na wengine wametibiwa goti zima huku nyonga ikiharibika.

Goti linalolia bila ya kuuma si ugonjwa. Wengi wetu magoti yetu hulia tukinyanyuka, na hiyo ni sauti tu.

Picha ina faida yake daktari anapotia shaka, au panapokusudiwa kupasua. Wale wale Kellgren na Lawrence walitoa mwaka 1957 namna ya kuzipanga picha katika daraja tano, kuanzia 0 mpaka 4, kwa kuangalia uwazi uliobaki baina ya mifupa na vinundu vilivyoota, na mpaka leo hutumika. Lakini mgonjwa asiivunjike moyo picha. Nimewaona watu waliotoka chumba cha eksirei wameshika ile karatasi kama hukumu ya mahkama, na mwenye daraja ya tatu akatembea vizuri kuliko mwenye ya pili. Vipimo vya damu navyo haviuonyeshi ugonjwa huu. Daktari akivitaka ni kwa sababu ataka kuondoa shaka ya mengine.

Na hayo mengine hapana budi tuyajue, kwa sababu kwetu kila kiungo kiumacho huitwa jina moja. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku na kwenye kidole gumba cha mguu, kiungo kikawa chekundu hata shuka haigusiki. Lina dawa yake mbali. Baridi yabisi ya kuvimba, ile ishikayo vidole vya mikono yote miwili pamoja, asubuhi hukakamaza kwa saa nzima na zaidi, nayo huwapata hata vijana. Isipotibiwa mapema hupinda vidole, kwa hivyo haitaki kungojewa. Mtoto au kijana mwenye maumivu makali ya mifupa apimwe sikoseli. Kuna pia chikungunya, homa ya mbu, ambayo ilitambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika na jina lake limetoka katika Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja; homa huondoka kwa siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma miezi.

Moja katika haya halingoji hata siku ya pili. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mtu ana homa na hawezi kabisa kukitumia, huenda mna usaha ndani. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa gari, kwa pikipiki au kwa kubebwa. Usaha huweza kukila kiungo kwa muda wa siku chache, na huweza kuua.

MATIBABU

Hapana dawa ijulikanayo hadi sasa ya kulirudisha gegedu lililokwisha kuchakaa. Anayewauzia dawa kwa ahadi hiyo awarudishie fedha zenu. Lakini kutolirudisha gegedu si sawa na kutoweza kutibiwa. Maumivu hupungua, nguvu hurudi, na mtu hufanya kazi.

Dawa ya kwanza, iliyo mbele ya vidonge vyote, ni mazoezi. Najua mtacheka, maana mkulima huamini kuwa yeye hufanya mazoezi tangu alfajiri. Kazi ni kazi, na mazoezi ni kitu kingine. Msuli wa mbele wa paja ndio mlinzi wa goti. Ukiwa na nguvu hupokea mzigo kabla haujafika kwenye kiungo, na ukilegea mzigo wote huangukia mfupani. Tena mkumbuke nililolisema juu ya gegedu na ute wake.

Binti yule alimpa mtu wangu mambo matatu. La kwanza, akae juu ya kiti, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka unyooke kabisa, ahesabu polepole mpaka tano, aushushe. Mara kumi, kisha mguu wa pili. Alipozoea, tukamfungia kifundoni mfuko mdogo wa mchanga. La pili, anyanyuke kutoka kitini na kukaa tena bila ya kushika kitu, mara kumi. Siku za mwanzo aliweza mara mbili tu, tena kwa kiti kilichoinuliwa kwa mito. La tatu, atembee, mwanzo mpaka kwa jirani, kisha mpaka dukani, kisha mpaka barabarani. Aliambiwa kuwa maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayana khatari, ila yakizidi na kubaki mpaka kesho yake, apunguze kiasi wala asiache.

Wiki tatu za mwanzo alinilaumu mimi, akamlaumu na binti. Wiki ya nane alikwenda msibani kijiji cha pili kwa miguu na kurudi. Mazoezi haya hayaonyeshi faida kwa siku mbili. Yahitaji wiki sita mpaka kumi na mbili, na ukiyaacha faida huondoka. Mwenye baiskeli aipande, kwani kanyagio huzungusha goti bila ya kulibebesha mwili. Ila atafute njia tambarare.

La pili ni uzito. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye maradhi haya, ulionyesha kuwa kila kilo moja ipunguayo mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kiasi cha kilo nne kwa kila hatua. Hesabuni hatua za kutoka nyumbani mpaka shambani mtaona faida. Haya simwambii mzee mwembamba wa ngozi na mfupa. Namwambia yule ambaye tangu aache kupanda mikarafuu hakuacha chai ya sukari nyingi na mandazi ya asubuhi na jioni.

Fimbo nayo ni dawa, ila wengi huishika vibaya. Goti la kulia likiuma, fimbo hushikwa mkono wa kushoto, ikatangulia pamoja na mguu mgonjwa. Mwenye kuishika upande wa goti bovu hujiongezea taabu.

Sasa nije kwenye dawa za kutumia, na hapa nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wetu waumiapo. Dawa ya kupaka ya aina ya diklofenaki hulisaidia goti, na ndiyo ya kuanzia, kwani kidogo tu ndiyo iingiayo katika damu. Vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vina nguvu zaidi, lakini vina madhara: hutoboa tumbo, huchosha mafigo, huinua presha, na huweza kuudhuru moyo. Vinapohitajika hutumiwa kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, baada ya chakula, na mara nyingi daktari huongeza kidonge cha kulinda tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya mafigo, moyo au presha asivile bila ya kumuuliza daktari. Parasetamoli ni salama kuliko hivyo ikitumiwa kwa kipimo, lakini katika maradhi haya nguvu yake ni ndogo. Vidonge vya glukosamini viuzwavyo kwa bei kubwa havikuonyesha faida ya kutosha, na ule muongozo wa 2022 wasema visitolewe.

Ndugu yangu mmoja wa ukoo alikuwa akinunua dukani pakiti ndogo ya vidonge vilivyochanganywa, kimoja chekundu, kimoja cheupe, kimoja cha manjano, visivyo na jina wala maandishi. Akimeza, kesho yake anapanda mkarafuu. Aliendelea hivyo miezi saba. Uso ukamnenepa ukawa duara, akafurahi akidhani ni siha. Kisha siku moja akatapika damu nyeusi kama kahawa, tukambeba. Alipona, lakini msimu ule hakuchuma hata pishi moja, na sukari iliyompanda hadi leo anaitibu. Uso wa duara ni alama ya dawa za aina ya prednisoloni na deksamethasoni. Ni dawa njema mahali pake, kwa mkono wa daktari, lakini mtu akizila kwa miezi bila ya kujua humletea kisukari, presha na mifupa mepesi, na hata kuziacha ghafla ni khatari. Msidhani kuwa udanganyifu huu ni wa maduka ya kwetu tu. Mwaka 2022 wasimamizi wa dawa wa Marekani walitoa onyo juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama dawa ya asili. Vilipopimwa, ndani yake zikakutwa diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa katika maandishi yake. Dawa isiyo na jina msiimeze, na ile ya miti shamba inayotuliza maumivu yote kwa usiku mmoja itilieni shaka.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya mafuta ya karafuu na ya makonyo, na ingekuwa ajabu sisi tusiulizane. Mafuta haya yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza jino. Ukiyapaka gotini ngozi hupata moto na maumivu husahaulika kwa muda. Hayaingii kutengeneza gegedu. Mwenye kuyapenda ayachanganye na mafuta ya nazi, matone machache tu, maana yakipakwa matupu huunguza ngozi, na asiyapake penye jeraha.

Sindano itiwayo ndani ya goti lenyewe na daktari huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, mathalan mgonjwa apate nafasi ya kuanza mazoezi. Si ya kuchomwa kila mwezi. Ama ile kazi ya kutoboa goti na kulisafisha ndani, madaktari wa Houston, Marekani, waliipima wakatoa matokeo mwaka 2002: katika wagonjwa 180, wengine walisafishwa kweli na wengine walichanjwa ngozi tu bila ya wao kujua. Waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko wenzao. Mtu akikutakeni fedha kwa kazi hiyo kwa maradhi haya, kataeni.

Goti likishindikana kabisa, mtu halali usiku na hawezi kutembea, iko njia ya kuweka kiungo cha bandia. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, ndiye aliyefungua njia hiyo kwa nyonga mwaka 1962, kwa kichwa cha chuma kiendacho ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na baadaye magoti yakafuata. Kwa hesabu zilizokusanywa Australia na Finland na kutolewa mwaka 2019, katika magoti ya bandia 100 kiasi cha 82 yalidumu miaka 25. Upasuaji wa namna hii hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Ni kazi kubwa na ya gharama, na mwenye goti la bandia hupata shida kupiga magoti na kuchutama, kwa hivyo si njia ya kukimbilia. Wagonjwa wengi hawafiki huko.

KAZI YA KARAFUU

Nirudi kwa mzee wetu wa kaskazini. Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake. Goti lake la kushoto limeota vinundu na halikunjiki sana, lakini halilegei, na alitembea nami shamba zima akinionyesha mikarafuu. Tumekubaliana afanye mazoezi miezi mitatu kabla ya msimu. Kupanda atawaachia wajukuu, kwani mwenye goti lenye wasiwasi hana haki ya kuwa juu ya mkarafuu. Kuanguka hakumpi mtu nafasi ya pili. Lakini kusimamia, kupima, kuanika na kugeuza karafuu juani ataweza mwenyewe, na karafuu hazikodishwi.

Magunia naye ayape gari la mkono au baiskeli, si kichwa chake. Mwenye kusali ambaye magoti yamemzuia kusujudu, sheria imempa ruhusa ya kusali juu ya kiti, wala asione haya mbele za watu.

Ama uchambuaji, hapo ndipo ninapotaka kila nyumba ibadilishe jambo moja msimu huu. Karafuu ziinuliwe, zisimwagwe chini kwenye jamvi. Nyumbani kwetu tumetandika jamvi juu ya kitanda cha kamba kilichoinuliwa kwa matofali mawili kila mguu, na wachambuaji wanakaa juu ya viti pembeni, miguu imeteremka. Kila baada ya nusu saa mmoja huwaambia wenzake wanyanyuke wajinyooshe. Kiti chake ni cha mbao tupu, bila ya mkono wala mgongo, fundi seremala yeyote hukifanya kwa nusu siku: urefu wake sentimita 45 kutoka chini, na kwa mtu mfupi 40, hata akikaa magoti yake yasipande juu ya nyonga.

Kimoja tumekiacha kwenye ghala la Chama. Atakaye kipimo na aje na kamba yake.